Nani Aandikwe Mama

Mwaka 2014, katika hospitali moja ya Nairobi, walizaliwa mapacha kutoka tumbo la mwanamke ambaye hakuwa na damu nao. Viinitete vilikuwa vya mume na mke wengine. Watu hao watatu walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo, na hadi siku ya kujifungua hakuna aliyemgeuka mwenzake. Shida ilianza pale ilipotakiwa kuandikwa jina la mama kwenye taarifa ya kuzaliwa. Hospitali ikauliza idara ya watoto, idara ikaja, ikawachukua watoto na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Kesi ikafika Mahakama Kuu mbele ya Jaji David Majanja, ikijulikana kwa herufi tu: JLN na wenzake dhidi ya Mkurugenzi wa Huduma za Watoto. Jaji alisema kuwachukua watoto wale hakukuwa kwa maslahi yao. Alisema pia kwamba, maadamu hakuna sheria mahususi, anayeandikwa mama ni yule aliyezaa. Akalihimiza Bunge litunge sheria.

Hukumu ile naitaja kwanza kwa sababu wengi hudhani balaa la kubebeana mimba huja pale mbebaji anapokataa kumtoa mtoto, au wenye mbegu wanapokimbia. Hapa kila mtu alitimiza ahadi yake, na bado watoto wachanga walilala mbali na wote waliowataka.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa kupandikizwa mwaka 2006, kwa kazi ya Dkt. Joshua Noreh na wenzake jijini Nairobi. Mswada wa kwanza wa jambo hili ulikuja 2014, ukafuatwa na wa 2016, wa 2019 na wa 2022, na mbunge Millie Odhiambo ndiye aliyeubeba mzigo huo kwa miaka yote hiyo. Uganda nayo imekuwa na mswada wake tangu 2023. Rwanda ilipitisha sheria ya huduma za afya mwaka 2025 inayoutambua uzazi wa aina hii. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya 2009 na Zanzibar ina yake ya 2011, na hakuna kati yake iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye mama wawili wanaoweza kuitwa wazazi wake.

Nimewaweka watu watano kwenye baraza moja, Mombasa, baada ya swala ya Alasiri. Sitawapa majina. Hoja zao ndizo ninazozisikia kila jambo hili linapoguswa, msibani, harusini, kliniki, na kila mmoja nimempa kauli yake iliyo na nguvu zaidi. Yupo Mwalimu wa shule ya msingi, aliyetolewa mji wa mimba baada ya kuvuja damu katika uzazi wa kwanza, na mtoto naye hakupona. Yupo Wakili wa kesi za familia. Yupo Ustadh. Yupo Mkunga aliyestaafu. Wa tano atafika baadaye.

MWALIMU: Nianze mimi, kwa sababu haja ni yangu. Mayai yangu yapo, daktari amenithibitishia kwa altrasaundi. Mume wangu hana kasoro. Nilichokosa ni mahali pa kuikuzia mimba. Watu wananiambia nichukue mtoto wa ndugu nimlee. Ninalea wawili wa marehemu kaka yangu, na nawapenda. Lakini mwenye mirija iliyoziba akienda kupandikizwa mimba, mbona hakuna anayemwambia akalee wa ndugu? Yeye anaombewa dua. Mimi naulizwa kama nina imani.

USTADH: Mwalimu, imani yako hakuna wa kuipima hapa. Na kupandikiza mimba kwenyewe hatukukataa. Al-Azhar ilitoa fatwa mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya mtoto wa kwanza wa njia hiyo kuzaliwa Uingereza. Iliruhusu, kwa sharti kwamba yai liwe la mke, mbegu ziwe za mume, na mimba irudi kwa mke huyohuyo ndoa ikiwa hai. Kinachokatazwa ni kuingiza mtu wa tatu. Baraza la Fiqhi la Jeddah likalisema hilo waziwazi mwaka 1986. Na sababu ni nasaba. Mtoto huyu atakua, ataoa, atarithi, atakuwa na maharimu zake. Akimposa binti wa aliyembeba, nani atamzuia, na kwa ushahidi gani?

WAKILI: Ustadh, si ilikuwepo rai kwamba mke wa pili aweza kumbebea mke mwenzake?

USTADH: Ilikuwepo. Baraza la Makka liliikubali 1984, na mwaka uliofuata likaiondoa. Walihofu kwamba mke wa pili aweza kushika mimba yake mwenyewe kwa mume huyo katika siku hizohizo, ikawa haijulikani mtoto yupi ni wa nani. Na sikufichi, wanazuoni wa Kishia kule Iran wapo wanaoruhusu. Mimi nakupa msimamo wa wengi wa Ahlu Sunna.

MWALIMU: Hofu hiyo siku hizi inaondolewa na kipimo cha vinasaba.

USTADH: Kipimo kitakwambia yai ni la nani. Mama ni nani, hakikwambii. Wapo wanaoshika aya ya pili ya Surat al-Mujadila na kusema mama ni aliyezaa. Wapo wanaosema mama ni mwenye yai, na aliyebeba amefanana na mama wa kunyonya: anakuwa maharimu, lakini harithi wala harithiwi. Rai mbili, mtoto mmoja. Siku ya kugawa mirathi mbele ya Kadhi, utapeleka ipi?

Swali hili la Ustadh ni zito kuliko mawakili wengi wa Nairobi wanavyolichukulia. Katiba ya Kenya, ibara ya 170, inampa Kadhi mamlaka ya mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaoikubali mahakama yake. Sheria ya Bunge yaweza kumwandika mwenye yai kuwa mama kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha miaka arobaini baadaye, baba amekufa na shamba la minazi liko mezani, shangazi akasimama na kusema huyu si wetu. Familia ya Kiislamu inayofikiria njia hii inapaswa kumwendea mwanachuoni wake na wakili wake kabla ya kumwendea daktari, na kuweka wasia na hiba mapema kwa kile ambacho sharia inaruhusu. Hilo si suluhisho la mgongano wenyewe. Ni kinga ya mtoto tu.

Wakatoliki, kwa njia yao, wamefika karibu na hapohapo. Vatikano ilikataa kubebeana mimba katika waraka wake wa 1987, na Januari 2024 Papa Fransisko alitaka jambo hilo lipigwe marufuku duniani kote. Kwa hiyo anayedhani upinzani ni wa Pwani peke yake hajaisikia nchi.

WAKILI: Tusiseme tu kwamba ni jambo la kigeni. Wanandi wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke: mama asiye na mtoto anatoa mahari, anaoa, na watoto wanaozaliwa na yule aliyeolewa wanakuwa wa nyumba yake. Wakuria wa Mara wanaiita nyumba ntobhu. Na mahakama imeikubali. Mwaka 2011, Mahakama Kuu ya hapahapa Mombasa, Jaji Ojwang, kesi ya Monica Jesang Katam dhidi ya Jackson Chepkwony: mwanamke aliyeolewa kwa mila hiyo akatambuliwa, yeye na wanawe, katika mirathi ya marehemu mwanamke aliyemwoa.

MKUNGA: Na yule msichana aliyeolewa, nani alimwuliza? Nimefanya kazi na wasichana wa huko. Wengine waliletwa wadogo, wanapangiwa mwanamume wa kulala naye. Usinipambie mila, mwanangu.

WAKILI: Sikupambii, mama. Nasema jambo moja tu la mila ile. Mahari ilitolewa mchana, wazee wa pande mbili wakishuhudia, kabla ya mimba yoyote. Mtoto alipozaliwa hapakuwa na swali ni wa nyumba gani. Sisi tumechukua jambo lilelile tukalifanya kimyakimya, na swali tunaliuliza wodini mtoto akiwa ameshalia.

Hapo Wakili amegusa ninachokiamini mimi, nami nakisema wazi nisije nikajifanya mwamuzi asiye na upande. Uamuzi wa nani ni mama unapaswa kutolewa na mahakama kabla kiinitete hakijawekwa tumboni. Baada ya hapo kila kauli ni ya mtu aliyebanwa: mbebaji amebanwa na mimba, wenye mbegu wamebanwa na hofu, hospitali imebanwa na karatasi, na mtoto yuko kwenye kitanda kidogo na utepe mkononi ulioandikwa "mtoto wa", ukifuatwa na jina la mwanamke ambaye pengine hatamwona tena.

Lakini Mkunga hajamaliza.

MKUNGA: Mimi sina fatwa wala kesi. Nimezalisha. Mmekaa hapa mnaongea yai na mbegu, na wengine hupenda kusema tumbo ni shamba tu, mwenye mbegu ndiye mwenye mavuno. Shamba haliumwi. Mwanamke akizaa, kiasi cha siku ya tatu maziwa yanashuka, na maziwa hayasomi mkataba. Matiti yanajaa, yanawaka, homa inapanda, na mtoto wa kuyanyonya hayupo. Nani amemwelekeza aweke kitambaa cha baridi, akamue kidogo tu cha kupunguza maumivu, asikamue sana yakazidi kuja? Nani atamjua akianza kulia bila sababu wiki ya pili? Kisha kuna hatari ambazo daktari anazijua na msichana hajaambiwa. Kubeba yai la mtu mwingine kunaongeza uwezekano wa presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kifafa. Kliniki nyingi huweka viinitete viwili ili fedha zisipotee, na pacha ni hatari juu ya hatari. Akipasuliwa, mimba yake ijayo itakuwa na kovu. Na mimba hiyo ijayo ni ya kwake mwenyewe.

MWALIMU: Mama, unanielezea mimi. Mimi ndiye niliyevuja damu. Unadhani nitasahau kwamba anayenibebea aweza kufa?

MKUNGA: Wewe hutasahau. Wakala wako atasahau.

WAKILI: Na mawakala wa kutafuta wabebaji wanaongezeka, na wanahama nchi hadi nchi. India ilikuwa soko kubwa. Mwaka 2008 mtoto mmoja wa wazazi wa Kijapani alizaliwa huko, wazazi wakiwa wameshaachana kabla hajazaliwa, akakaa miezi bila pasipoti ya nchi yoyote, na bibi yake akafunga safari kwenda kumwangalia. Mwaka 2015 India ikawafungia wageni. Thailand ikafunga mwaka huohuo, Nepal pia, Kambodia 2016. Kila mlango ukifungwa, biashara inatafuta nchi iliyo kimya. Kenya ilikuwa kimya.

MWALIMU: Nina binamu yangu Birmingham. Yeye na mumewe wanataka kuja kutafuta mbebaji Nairobi, wamesikia gharama ni nafuu kuliko Marekani.

WAKILI: Mwambie asikate tiketi kwanza. Sheria ya Uingereza inasema mama ni aliyezaa, hata kama kazaa Nairobi. Itabidi aiombe mahakama ya huko amri ya kumfanya mzazi, ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa, na ridhaa ya mbebaji haikubaliki ikitolewa kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Mbebaji akiwa ameolewa, mume wake naye anaingia kwenye hesabu ya nani ni baba. Wakati huo wote mtoto anahitaji hati ya kusafiria, na ofisi mbili za nchi mbili zinamtazama kwa macho tofauti. Na kama ana rafiki Italia anayefikiria hivyo, kwa sheria iliyopitishwa Oktoba 2024 raia wa Italia anayefanya jambo hili hata nje ya nchi anaweza kufungwa hadi miaka miwili na kutozwa faini ya hadi yuro milioni moja.

MWALIMU: Na mimi niliye hapa?

WAKILI: Wewe uliye hapa, bila sheria mahususi, unaingia njia ya kumwasili mtoto wako mwenyewe. Wiki sita lazima zipite kwanza. Lazima akae mikononi mwako miezi mitatu mfululizo. Shirika la kuasili lichunguze nyumba yako, mahakama imteue mtu wa kumsemea mtoto. Yote hayo ni kwa mtoto aliyetoka kwenye yai lako.

USTADH: Hayo yamewekwa kwa hekima, ili watoto wasiuzwe.

WAKILI: Kweli, Ustadh. Ila yamewekwa kwa mtoto aliyepoteza wazazi. Huyu ana wazazi wengi kuliko karatasi inavyoweza kuandika.

Hapa ndipo wa tano anafika. Amechelewa kwa sababu alikuwa kazini. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili wake, na amewahi kumbeba wa tatu ambaye si wake. Katika mijadala niliyoisikia, redioni hata bungeni, mtu huyu husemewa na wote na hukaribishwa na wachache.

MBEBAJI: Nimesikia kutoka mlangoni mama akinionea huruma. Nashukuru. Lakini niacheni niseme mwenyewe. Nilibeba kwa watu nisiowajua. Jirani alinipeleka kwa wakala. Karatasi zilikuwa nyingi, Kiingereza cha mawakili, nikasaini ofisini kwao na wakili aliyekuwepo alikuwa wao. Nakala sikupewa. Miezi ya mwisho tuliwekwa nyumba moja, wabebaji peke yetu, na kutoka mpaka uombe ruhusa. Mtoto alizaliwa salama, na sikuumia kumtoa. Najua hamniamini. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si wangu, na niliomba Mungu afike kwao mzima. Kilichoniumiza ni kidonda. Wiki ya tatu kilianza kutoa usaha, nikampigia wakala, simu haikupokelewa. Nilijitibu kwa fedha nilizolipwa.

MKUNGA: Pole, mwanangu. Na fedha zenyewe zilifanya nini?

MBEBAJI: Ada ya watoto, na vyumba viwili kwetu. Vipo, nakaa humo.

MKUNGA: Ungefanya bila fedha?

MBEBAJI: Kwa dada yangu ningefanya. Kwa mtu nisiyemjua, hapana. Na msiniulize hivyo kana kwamba nimekiri dhambi. Daktari alilipwa. Wakili alilipwa. Wakala alilipwa kuliko wote. Nasikia mswada unataka mbebaji afanye kwa huruma bila malipo. Huruma hiyo mbona imetafutwa kwangu peke yangu?

Baraza lilinyamaza, na ningependa wabunge nao wanyamaze kidogo kwa swali hili. Miswada ya Kenya imeelekea kukataza biashara na kuruhusu kubeba kwa hiari. Nia naielewa. Lakini sheria inayomkataza mwenye tumbo kulipwa, huku ikimwacha dalali anatoza ada ya "uratibu", imelinda mtu asiyestahili. Kama malipo yatakatazwa, yaanze kukatazwa kwa dalali.

MKUNGA: Hayo ya dalali nakubali. Lakini nami nijibiwe langu. Figo haiuzwi, na hatusemi kwamba tumemdhulumu maskini kwa kumnyima soko la figo. Ukiruhusu bei, nani atabeba? Umewahi kuona mke wa tajiri akimbebea mke wa mkulima? Tumbo litakwenda upande mmoja tu, siku zote.

MBEBAJI: Mama, hata kazi za ndani zinakwenda upande mmoja. Tulitaka mkataba, likizo na mshahara wa kuishi. Hatukutaka kazi ipigwe marufuku.

MKUNGA: Kazi ya ndani ukiichoka unaondoka jioni. Hii huwezi kuondoka.

Sijui jibu linaloushinda mstari huo wa mwisho wa Mkunga, na ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka soko huru. Kuna kesi ya New Jersey, Marekani, ambayo kila anayeandika sheria ya aina hii huisoma: mwanamke alikubali kubeba kwa dola 10,000, mtoto akazaliwa 1986 kwa yai lake mwenyewe, akashindwa kumwachia, na mwaka 1988 mahakama ya juu ya jimbo ikaufuta mkataba ule kwa kuwa ulifanana na kumnunua mtoto. Malezi alipewa baba, lakini yule mwanamke alibaki mama kisheria na haki ya kumwona mwanawe. Tangu hapo kliniki nyingi zimeepuka kutumia yai la mbebaji. Hilo limepunguza kesi. Kufungwa kwa mwili wa mtu kwa ahadi ya miezi tisa kumebaki palepale.

WAKILI: Kuna nchi ya Afrika iliyojaribu njia ya katikati, na ina uzoefu mrefu. Mwaka 1987, mama mmoja wa Tzaneen, Afrika Kusini, Pat Anthony, alibeba na kuzaa wajukuu wake watatu kwa mpigo kwa ajili ya binti yake aliyekuwa hana mji wa mimba. Sheria ikaja baadaye, sura ya 19 ya Sheria ya Watoto ya 2005. Makubaliano yawe ya maandishi. Yapelekwe Mahakama Kuu, jaji ayathibitishe, na kabla hajathibitisha ni kosa kuweka kiinitete. Mbebaji awe na mtoto wake aliye hai, amewahi kubeba na kuzaa salama, na mume wake, kama yupo, aridhie. Asiwe anaifanya kuwa njia ya kipato. Lakini alipwe gharama zake, mshahara alioukosa, na bima ya kifo au ulemavu. Baada ya hapo mtoto akizaliwa ni wa waliothibitishwa, tangu dakika ya kwanza. Hakuna kuasili.

MWALIMU: Na mimba ikiharibika katikati? Au akaamua kuitoa?

WAKILI: Uamuzi wa kuitoa ni wake, kwa masharti ya sheria ya nchi ile. Anatakiwa awaarifu na kushauriana nao kwanza. Hawawezi kumlazimisha kuitoa wala kumlazimisha kuibeba.

MWALIMU: Hilo ni gumu kwangu kulisikia.

MKUNGA: Ndiyo maana nilitaka ulisikie leo.

MBEBAJI: Hiyo bima ingenifaa. Ila bima ya kifo si bima ya usaha. Baada ya kuzaa nani ananitazama?

WAKILI: India, kwa ubaya wake wote wa nyuma, katika sheria yake ya 2021 imemlazimisha anayetafuta mtoto amkatie mbebaji bima ya miezi thelathini na sita, inayogusa matatizo ya baada ya kuzaa. Hilo ningeliandika katika sheria yetu neno kwa neno.

USTADH: Mimi msimamo wangu haujabadilika, na sitahalalisha kwa sababu bima ni nzuri. Lakini nasema hivi: kama Serikali italiruhusu kwa wasiofungwa na sharia yangu, basi daftari litunzwe la majina yote matatu, la mwenye yai, la mwenye mbegu na la aliyebeba, na mtoto akifika umri wa kuoa aweze kulifungua. Asije akaoa kwa upofu.

Nililipenda hili kutoka kwake, kwa sababu mtu anayepinga jambo amefikiria maisha ya mtoto huyo mbele zaidi ya waliolitetea. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya mama mmoja. Daftari lililofungwa, lenye ufunguo mikononi mwa mtoto akikua, halimnyang'anyi mtu heshima yake. Na katiba ya Kenya, ibara ya 53, imeshasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu.

MWALIMU: Basi Wakili, mimi nisiye na miaka ya kungoja. Natimiza thelathini na tisa. Nikikujia Jumatatu, unanifanyia nini?

WAKILI: Kwanza sikuandikii mkataba mpaka anayekubebea awe na wakili wake, utakayemlipia wewe na atakayemchagua yeye. Mkataba uwe kwa lugha anayoisema nyumbani, na aondoke na nakala. Pili, nataka barua ya daktari asiye wa kliniki hiyo, kwamba mwili wake unaweza. Tatu, kiinitete kimoja kwa wakati mmoja, iandikwe, ili mtu asije akaongeza cha pili kwa kuokoa gharama. Nne, fedha za matibabu yake ziwekwe akaunti ya pembeni kabla ya kuanza, na akaunti isifungwe mpaka muda mrefu baada ya kujifungua, siyo siku ya kumkabidhi mtoto. Tano, naiarifu idara ya watoto na hospitali mimba ikiwa bado changa, kwa maandishi, ili siku ya kuzaa pasiwe na afisa wa kushtuka. Hayo hayakupi uhakika wa hukumu. Yanaondoa sababu ya watoto kupelekwa makaoni.

MBEBAJI: Na nyumba ile ya kuwekwa?

WAKILI: Hakuna nyumba ya kuwekwa. Unakaa kwako na wanao.

MKUNGA: Bado moja. Usiku, chumba cha upasuaji, damu haikatiki. Daktari anataka sahihi ya kutoa mji wa mimba, kama walivyofanya kwa Mwalimu hapa. Wenye mbegu wako kwenye korido na roho mkononi. Wakala yuko kwenye simu. Nani anasaini?

WAKILI: Yeye mwenyewe. Akiwa hajitambui na muda upo, ndugu yake aliyemtaja mapema kwa jina. Muda usipokuwepo, daktari anaokoa maisha yake yeye kwanza, bila kungoja mtu. Wakala hana sahihi. Wenye mbegu hawana.

MWALIMU: Hata mimi sina?

WAKILI: Hata wewe.

MWALIMU: Sawa. Liandike.

MKUNGA: Ukurasa wa kwanza, si wa mwisho.